SAA, SALAMU NA KARATASI: SIKU ZA KWANZA ZA MWANAFUNZI WA KOMBEWA UJERUMANI

Utangulizi

Kombewa ni mji mdogo wa soko katika eneo la Seme, Kaunti ya Kisumu, kando ya barabara itokayo Kisumu kuelekea Bondo. Upande wake wa kusini yapo maji ya Ghuba ya Winam, na upande wa kaskazini, mwendo usio mrefu, mstari wa Ikweta unapita Maseno. Watafiti wa afya wanaujua mji huu kwa sababu kituo cha utafiti kilichoko hapo kilikuwa miongoni mwa vituo 11 vya nchi 7 za Afrika vilivyoijaribu chanjo ya malaria ya RTS,S kati ya mwaka 2009 na 2014. Wenyeji wenyewe, hata hivyo, huwa na habari nyingine ya kujivunia: mtoto wa fulani amepata nafasi ya kusoma majuu.

Habari ya namna hiyo haibaki ya nyumba moja. Kamati huundwa, kadi za mchango huchapishwa, kanisa hutangaza siku ya harambee, na ng'ombe aliyekusudiwa jambo jingine hupelekwa mnadani. Msafiri huaswa kuhusu baridi, hununuliwa koti zito la mitumba katika soko la Kibuye mjini Kisumu, huombewa dua na kusindikizwa. Ajabu ni kwamba baridi, ambayo kila mtu aliihofia, ndiyo humsumbua kwa uchache. Koti huitosha. Yanayomwangusha ni mambo ambayo hakuna aliyekumbuka kuyataja. Makala haya yanadhamiria kuyafafanua makubwa matatu, yaani karatasi, saa na salamu, kisha kuonyesha namna yanavyofungamana na mzigo wa harambee pamoja na suala la lugha. Mfano utakaotumika ni mji wa Leipzig nchini Ujerumani, kwa kuwa mji huo una historia ya muda mrefu na wanafunzi kutoka pwani ya Ziwa Viktoria.

Waliotangulia

Safari ya kutoka pwani hii kwenda kusoma Ulaya si jambo la jana. Katika miaka ya 1950 Bethwell Ogot, mzaliwa wa Gem, alisoma historia katika Chuo Kikuu cha St Andrews huko Uskoti. Katika mwongo huohuo Grace Ogot, mzaliwa wa Asembo, aliendelea na mafunzo ya uuguzi nchini Uingereza, na Tom Mboya wa Rusinga akasoma katika Chuo cha Ruskin, Oxford, kati ya 1955 na 1956. Mwaka 1959 ndege ya kwanza ya wanafunzi waliofadhiliwa kwa juhudi za Mboya ilipaa kuelekea Marekani ikiwa na wanafunzi 81.

Njia ya pili ilifunguliwa na Jaramogi Oginga Odinga kuelekea nchi za kisoshalisti. Serikali ya kikoloni ilipowanyima vijana pasipoti, wengi wao walipenya kupitia Uganda na Sudan hadi Kairo, na kutoka huko wakapelekwa Moscow, Prague, Sofia, Leipzig na kwingineko. Raila Odinga, aliyezaliwa Maseno mwaka 1945, alikwenda Ujerumani Mashariki mwaka 1962. Alianzia katika Taasisi ya Herder mjini Leipzig, alikojifunza Kijerumani, kabla ya kusomea uhandisi wa mitambo mjini Magdeburg. Alirejea Kenya mwaka 1970, na kufikia kifo chake mwaka 2025 hapakuwa na mwanafunzi wa njia ile aliyejulikana nchini kuliko yeye.

Historia hiyo ina funzo moja kubwa. Mwanafunzi wa miaka ya 1960 alipokelewa kwa makundi. Huko Leipzig palikuwa na Taasisi ya Herder, na huko Moscow kulikuwa na kitivo cha matayarisho katika Chuo Kikuu cha Patrice Lumumba, kilichofunguliwa mwaka 1960. Kabla ya somo lolote, mgeni alifundishwa lugha kwa kipindi kirefu, akapewa chumba, posho na wenzake wa hali moja. Hii haina maana kwamba mambo yalikuwa mteremko. Mnamo Februari 1963, mjini Sofia, polisi walikabiliana na wanafunzi wa Kiafrika waliokuwa wakipinga kupigwa marufuku kwa chama chao, na wengi wakaihama nchi hiyo. Mwaka 1965 kundi la wanafunzi wa Kenya liliondoka Baku likilalamikia ubaguzi. Hata hivyo, walioteseka waliteseka pamoja, na walioondoka waliondoka pamoja. Mwanafunzi wa leo hufika akiwa peke yake, na yote yafuatayo humkuta katika hali hiyo.

Karatasi

Huko Kombewa mtu hujulikana kwa nasaba. Mgeni akiuliza, ataelezwa kwamba huyu ni mtoto wa fulani, wa ukoo fulani, na boma lao liko ng'ambo ya kijito. Ujerumani humtambua mtu kwa anwani. Sheria inamtaka kila anayehamia katika makazi mapya ajiandikishe kwenye ofisi ya wakazi katika muda wa wiki mbili. Ili kujiandikisha anahitaji barua ya mwenye nyumba inayothibitisha kwamba kweli amehamia humo. Hapo ndipo fundo linapoanza. Benki nyingi hutaka cheti cha kujiandikisha ndipo zimfungulie mteja akaunti, mwenye nyumba hutaka uthibitisho wa fedha ndipo atoe chumba, na fedha zenyewe ziko katika akaunti maalumu ambayo haifunguki bila akaunti ya kawaida.

Akaunti hiyo maalumu yastahili maelezo. Mwanafunzi asiye na ufadhili huthibitisha, kabla ya kupewa viza, kuwa ana fedha za kujikimu kwa mwaka mzima. Kuanzia Septemba 2024 kiasi hicho kiliwekwa kuwa euro 11,904, yaani zaidi ya shilingi milioni moja na nusu za Kenya. Fedha hizo hufungiwa, na mwenyewe huruhusiwa kutoa euro 992 tu kila mwezi. Watu wa nyumbani waliochanga husikia jumla ya milioni. Hawasikii neno "kila mwezi". Kutoka katika hizo 992 hulipwa chumba, chakula, bima ya afya ambayo ni lazima, na ada ya redio na televisheni ya umma, ambayo kuanzia mwaka 2021 imekuwa euro 18.36 kwa mwezi kwa kila makazi, awe mpangaji ana televisheni au hana. Ni kweli kwamba vyuo vikuu vingi vya umma nchini humo havitozi karo, lakini kutolipa karo si sawa na kuishi bure.

Jambo dogo kuliko yote ndilo hudhuru zaidi: jina kwenye sanduku la barua. Familia nyingi za Seme hutumia sanduku la posta la shule, la kanisa au la mjomba mwenye kazi mjini, na barua humfikia mwenyewe kwa mikono ya watu. Leipzig kila jengo lina masanduku yake mlangoni, na mtu wa posta hutafuta jina. Asipoliona, barua hurudishwa ilikotoka. Mwanafunzi asiyebandika jina lake siku ile ile ya kuhamia aweza kukosa kadi ya benki, barua ya bima na mwito wa ofisi ya wageni, kisha akaambiwa kwamba alitumiwa yote hayo kwa wakati. Kwa hiyo kipande cha karatasi chenye jina, kilichobandikwa kwa gundi, ndicho boma lake jipya.

Saa

Mwanafunzi wa Kiswahili anajua kwamba saa za Kiswahili huhesabiwa tangu macheo na tangu machweo. Mfumo huo ulizaliwa mahali ambapo jua ni mwaminifu. Kombewa, iliyo karibu kabisa na Ikweta, huona jua likichomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu asubuhi na kutua karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni, mwaka nenda mwaka rudi, na tofauti haizidi nusu saa hivi. Leipzig ni kinyume chake. Mwezi wa Desemba jua huchomoza baada ya saa mbili asubuhi na kutua mnamo saa kumi. Mwezi wa Juni hutua mnamo saa tatu na nusu, wakati ambao Kiswahili hukiita usiku ilhali nje watoto bado wanacheza. Mgeni aliyezoea kuusoma wakati katika mwanga hujikuta hana tena kitu cha kusoma. Huamka gizani, huingia darasani gizani, na akitoka giza limekwisha kurudi. Wengi hudhani wanaugua au wamekuwa wavivu, kumbe mwili umepotezewa dira yake.

Tatizo la pili liko katika lugha. Mjerumani akisema "halb drei", maneno mawili yanayosikika ni "nusu" na "tatu". Mgeni aliyezoea "saa tatu na nusu" hudhani kwamba ile tatu imekwisha pita na nusu imeongezwa juu yake. Sivyo. Kijerumani huitazama saa inayokuja: nusu ya safari ya kuifikia tatu, yaani saa mbili na nusu kwa hesabu ya Kizungu, ambayo kwa Kiswahili ni saa nane na nusu. Mwenye miadi ya wakati huo akielewa vinginevyo atafika saa tisa na nusu, amechelewa saa nzima, na miadi ya ofisi ya wageni huenda ikamchukua wiki kadhaa kuipata tena. Nambari nazo hugeuzwa: arubaini na tatu husemwa "tatu na arubaini", na ndiyo sababu mgeni hubisha mlango wa chumba cha 34 ilhali anangojwa katika chumba cha 43.

Kana kwamba hayo hayatoshi, vyuo vikuu vina desturi ya kale iitwayo robo ya kitaaluma: mhadhara ulioandikwa kuwa saa nne, ukifuatwa na herufi "c.t.", huanza saa nne na robo. Herufi zikiwa "s.t.", huanza kamili. Kadhalika, Jumapili ya mwisho ya Oktoba, majuma machache baada ya muhula wa baridi kuanza, saa zote hurudishwa nyuma kwa saa moja, na tofauti ya wakati na Kenya hutoka saa moja ikawa saa mbili. Mama aliyezoea kupiga simu baada ya chakula cha jioni ghafla humkuta mwanawe bado yuko darasani, naye hufikiri kwamba simu yake inakataliwa.

Salamu

Salamu ya Kijaluo ya asubuhi, "oyawore", hutolewa kwa kila anayekutana nawe njiani. Kupita mtu kimya ni kumwambia kwamba humwoni kuwa mtu, na kwa mzee ni tusi. Kiswahili nacho kina mlolongo wa "hujambo", "habari za nyumbani" na "za tangu jana" ambao hauulizi habari hasa, bali huthibitisha kwamba aliyesimama mbele ni binadamu mwenye watu wake. Mwanafunzi aliyelelewa hivyo huingia ndani ya tramu ya Leipzig asubuhi ya kwanza, akawakuta watu arubaini waliokaa kimya wakitazama simu na madirisha. Husalimu, na hakuna anayejibu.

Hapa pana makosa mawili yanayowezekana. Kosa la kwanza ni kuhitimisha kwamba watu wote hawa wanamchukia. Ukweli ni kwamba Wajerumani wana sheria za salamu, ila zimewekwa mahali pengine. Mtu anayeingia katika chumba cha kungojea daktari huwasalimu wagonjwa wote asiowajua, na akitoka huwaaga. Anayeingia katika duka dogo la mikate husalimu kabla ya kuagiza. Jirani wa ngazini husalimiwa. Tramu, kwa upande mwingine, huhesabiwa kuwa mahali ambapo kumwacha mwenzako na mawazo yake ndiko kumheshimu. Ukimya huo ni adabu. Aidha, heshima imo ndani ya viwakilishi vya lugha: afisa, mhadhiri na mtu mzima asiyejulikana huitwa "Sie", ilhali wanafunzi wenyewe kwa wenyewe huitana "du". Kumwita afisa "du" ni sawa na kijana wa Kombewa kumwita chifu kwa jina lake la utotoni.

Kosa la pili ni kinyume cha la kwanza: kuizoea tafsiri hii ya adabu kiasi cha kushindwa kuutambua ubaguzi unapojitokeza. Ubaguzi upo. Walioondoka Sofia na Baku hawakuwa wameshindwa kuelewa desturi za wenyeji. Mwanafunzi wa leo anayekataliwa chumba pindi anapoonekana uso, baada ya kukubaliwa kwa simu, hahitaji kuambiwa kwamba ni baridi ya tabia ya watu. Njia ya kutenganisha mambo haya mawili ni moja: kutazama kama wenyeji nao hutendewa vivyo hivyo. Ukimya wa tramu ni wa wote. Mlango unaofungwa mbele ya mmoja tu si desturi, na una ofisi zake za malalamiko chuoni na mjini.

Samaki na simu

Siku ya kwanza ya kununua chakula huwa na mshangao wake. Katika majokofu ya maduka makubwa ya Ujerumani huuzwa minofu ya samaki iliyogandishwa, yenye jina linalotaja Ziwa Viktoria. Ni mbuta. Samaki huyu aliingizwa ziwani katika miaka ya 1950 na 1960, na minofu yake ikawa bidhaa kubwa ya kusafirishwa Ulaya. Huko pwani ya Winam, viwanda vilipokwisha kuitoa minofu, mifupa na vichwa viliuzwa kwa wananchi kwa jina la "mgongo wazi", vikakaangwa na kuliwa kwa ugali. Mwaka 1999 Umoja wa Ulaya uliposimamisha ununuzi wa samaki wa ziwa hilo kwa hofu ya sumu iliyotumiwa na baadhi ya wavuvi, fukwe zilihisi uzito wa uamuzi huo mara moja. Kwa hiyo mwanafunzi wa Seme aliyesimama mbele ya jokofu la Leipzig anatazama mnofu wa samaki ambaye nyumbani alimjua zaidi kwa mifupa. Hakuna mhadhara wa uchumi unaoeleza mambo kwa ufupi zaidi.

Simu nayo huanza kulia kabla ya juma la kwanza kwisha. Mwanafunzi wa mwaka 1962 aliandika barua, na jibu lilichukua majuma. Umbali ulimpa nafasi ya kujijenga kabla ya kuombwa. Wa leo huombwa kabla hajajua pa kununua chumvi. Karo ya mdogo wake, dawa za nyanya, mabati ya jirani aliyechangia harambee: hakuna ombi hata moja lisilo la haki. Aliyepokea ng'ombe wa watu hawezi kudai kwamba hawajui. Kwa sababu hiyo hujibu kwamba yuko salama, kisha hukata chakula chake ili atume kidogo, au hutafuta kazi kupita kiasi. Sheria ya Ujerumani, kuanzia Machi 2024, humruhusu mwanafunzi asiye raia wa Umoja wa Ulaya kufanya kazi siku 140 kamili au nusu siku 280 kwa mwaka. Zaidi ya hapo anahatarisha kibali chake, na anayeshindwa mitihani kwa uchovu anahatarisha kilekile ambacho watu walikichangia.

Hatari kubwa ya siku za kwanza basi si njaa wala baridi, bali ni uongo mdogo wa "niko sawa". Ukishasemwa mara tatu, haurudishiki kwa urahisi. Busara ni mwanafunzi kumteua mtu mzima mmoja wa nyumbani, mwenye kusikilizwa, na kumweleza mapema hesabu kamili: kinachoingia kwa mwezi, kinachotoka, na kinachobaki. Mzee huyo ndiye atakayejibu kwa niaba yake barazani. Vilevile shirika la huduma za wanafunzi lililopo katika kila mji wa chuo kikuu lina washauri wa mambo ya fedha na makazi, na huduma yao ni bure. Kwenda kwao si kujidhalilisha; wanafunzi wa Kijerumani nao huenda.

Kiswahili kama nyumba

Linabaki suala la lugha, ambalo wasomaji wa jarida la Kiswahili hawawezi kulipita. Kwa vijana wengi wa Kombewa, Kijaluo ndiyo lugha ya nyumbani, Kiingereza ndiyo lugha ya cheti, na Kiswahili ni somo la lazima lililomalizwa siku ya mtihani wa kidato cha nne. Ughaibuni mpangilio huo hupinduka. Mwanafunzi hukutana na Mtanzania wa Mwanza, Mkongo wa Bukavu na Mrundi wa Bujumbura, na lugha pekee inayowaunganisha bila kumwazima mkoloni yeyote ni Kiswahili. Jikoni mwa bweni, lugha aliyoidharau humfungulia mlango wa kwanza.

Fauka ya hayo, hugundua kwamba Kiswahili kilimtangulia kufika. Mjini Berlin kilianza kufundishwa katika Seminari ya Lugha za Mashariki iliyofunguliwa mwaka 1887, na miongoni mwa walimu wake wa mwanzo alikuwamo Amur bin Nasur wa Zanzibar. Mwaka 1900 alifika Mtoro bin Mwinyi Bakari kutoka upande wa Bagamoyo, mtu ambaye maandishi yake yalikuwa uti wa mgongo wa kitabu cha "Desturi za Wasuaheli" kilichotolewa mwaka 1903. Alimwoa mwanamke wa Kijerumani, na mwaka 1905 alipojaribu kurudi naye nyumbani, serikali ya kikoloni iliwazuia kushuka Dar es Salaam. Alirejea Ujerumani, akafia huko mwaka 1927. Hadi leo Kiswahili hufundishwa katika Chuo Kikuu cha Leipzig, na Bayreuth imekuwa na kongamano la Kiswahili tangu miaka ya 1980. Mwanafunzi wa Kijerumani anayesoma huko atamwuliza mgeni kutoka Kenya kuhusu ngeli na upatanisho wa kisarufi, akitarajia jibu la mwenye lugha. Si mara moja mwenye lugha ameona haya.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba siku za kwanza za mwanafunzi ughaibuni hutawaliwa na mambo ambayo kwa kuyatazama ni madogo: jina mlangoni, nusu ya saa, salamu isiyoitikiwa, simu isiyojibiwa kwa kweli. Vizazi vya miaka ya 1960 vilikuwa na taasisi za kuvielekeza kwa miezi mingi. Kizazi cha sasa hakina, na idadi ya wanaokwenda huenda ikaongezeka, hasa baada ya Kenya na Ujerumani kutia saini mkataba wa uhamiaji na ajira mjini Berlin mnamo Septemba 2024. Kazi ya matayarisho, kwa hiyo, imerudi nyumbani. Kamati za harambee zinazokutana Kombewa zingeweza kuongeza ajenda moja tu baada ya hesabu ya fedha: kumwita mtu aliyekwisha kusoma huko, awaeleze wazazi waziwazi kiasi ambacho mtoto wao ataruhusiwa kukigusa kila mwezi. Vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu navyo vingeweza kuwakumbusha wasafiri kufunga vitabu vyao vya sarufi pamoja na lile koti la Kibuye. Wahenga walisema kwamba safari ni hatua. Hatua ya kwanza hupigwa kabla ya kiwanja cha ndege.